Rada ya Boti Ndogo: Namna ya Kuichagua na Kuifunga

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, bonde la Lukuledi, Masasi na Newala

MANENO YA KUJIFUNZA KABLA YA SOMO

Mwangwi: sauti au wimbi linalogonga kitu na kurudi lilikotoka.
Rada: chombo kinachotuma mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake.
Antena: sehemu ya rada inayotuma na kupokea mawimbi.
Upeo wa macho: mahali ambapo bahari na mbingu huonekana kukutana.
Maili ya baharini: mita 1,852.
Omo: sehemu ya mbele ya chombo. Sehemu ya nyuma huitwa tezi.

Mwalimu wa darasa ayaandike maneno haya ubaoni, na kila mwanafunzi ayasome kwa sauti mara mbili.

SOMO

 

Leo tunajibu barua. Imetoka kwa darasa moja la jioni huko Lukuledi, nayo imeandikwa kwa mkono wa watu ambao zamani walitia dole gumba tu. Tumefurahi sana kuipokea. Lakini habari iliyomo si ya kufurahisha, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Wenzetu hawa, pamoja na jamaa zao wa Lindi, walichanga fedha za korosho wakanunua boti ya matembezi. Ni boti ya faiba, urefu wake futi 26, yenye mashine ya nje. Siku za mapumziko huchukua jamaa na wageni, wakavuka Ghuba ya Lindi, wakavua kwa mshipi, wakarudi. Jioni moja mvua iliwakuta nje ya ghuba. Giza likaingia mapema. Wakasikia ngurumo ya mashine kubwa, wasijue inatoka upande gani. Mara wakaona taa juu ya vichwa vyao. Meli ikapita karibu sana, na mawimbi yake yakajaza maji ndani ya boti. Walikuwa watu tisa, na wawili kati yao watoto. Wote walifika pwani salama.

Sasa wanauliza hivi: “Tumeambiwa rada huona gizani. Mtu mmoja anatuuzia rada ya zamani kwa bei nafuu, na anasema inaona maili 36. Je, tuinunue? Na tukiinunua, tuifunge vipi?”

Pengine wewe msomaji wa Newala utasema, “Mimi ni mtu wa mihogo na korosho. Bahari yangu ni shamba. Rada inanihusu nini?” Inakuhusu. Kwanza, mto wenu wa Lukuledi hupita Ndanda, Nyangao na Mtama, ukaingia bahari pale Lindi, na watoto wenu huufuata huohuo kwenda kutafuta maisha. Pili, maswali ya kuuliza kabla ya kununua rada ni yaleyale ya kuuliza kabla ya kununua pampu ya maji, mashine ya kusaga au sahani ya umeme wa jua. Mtu asiyeuliza hununua maneno ya muuzaji.

Rada ni nini?

Ninyi wa Masasi mnayajua mawe makubwa yaliyosimama kama vilima karibu na mji. Simama mbele ya jiwe moja, upige kelele. Sauti yako huenda, hugonga jiwe, hurudi. Huo ni mwangwi. Sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde moja. Kama mwangwi umerudi baada ya sekunde 2, sauti imesafiri mita 680 kwenda na kurudi. Basi jiwe liko mita 340 kutoka kwako. Umepima umbali bila kamba na bila kutembea. Hata gizani ungeweza kuupima.

Rada hufanya kazi hiyohiyo, ila haitumii sauti. Hutumia mawimbi ya redio, ndugu wa mawimbi yanayoleta somo hili kwenye redio yenu. Mawimbi hayo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Ni mwendo wa kuizunguka dunia yote zaidi ya mara saba kwa sekunde hiyo moja. Antena huzunguka juu ya boti, hutuma mawimbi, husikiliza, hutuma tena. Kila kitu kinachorudisha mwangwi huonekana kama doa kwenye kioo. Doa likiwa mbali na katikati ya kioo, kitu kiko mbali. Likiwa karibu na katikati, kitu kiko karibu, kwa maana katikati ndipo ulipo wewe.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1904 Mjerumani mmoja, Christian Hülsmeyer, alionyesha chombo cha kutambua meli kwa mawimbi ya redio, ili zisigongane katika ukungu. Wakati ule watu hawakukijali. Mwaka 1935 Waingereza, wakiongozwa na Robert Watson-Watt, walionyesha kwamba mawimbi ya redio yanaweza kutambua ndege angani. Vita ya pili ya dunia ikaikuza kazi hiyo. Baada ya vita rada ikaenea katika meli za biashara, na leo zipo rada za kutosha boti ya futi 20.

(Mwalimu: simamisha kusoma hapa. Waulize wanafunzi: mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, jiwe liko mbali mita ngapi?)

Kabla ya rada

Ndugu zetu wa Lukuledi, msikasirike. Hatutaanza na rada. Tutaanza na mambo ya bei ndogo ambayo rada haiwezi kuchukua nafasi yake.

La kwanza ni jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. La pili ni taa. Chombo chenye mashine kikitembea usiku huonyesha taa nyekundu upande wa kushoto, ya kijani upande wa kulia, na nyeupe. La tatu ni dira iliyo sahihi. La nne ni redio ya VHF, ambayo kwa chaneli ya 16 mtaweza kuita msaada au kuita meli iliyo karibu.

La tano ni jambo ambalo wengi hawalijui. Boti ya faiba hurudisha mwangwi mdogo sana. Ngalawa na mtumbwi wa mti ni hivyohivyo. Kwa hiyo meli yenye rada nzuri inaweza isiwaone kabisa. Dawa yake ni kiakisi. Hiki ni kitu cha mabati bapa yaliyokutana kwa pembe mraba, kama pembe ya chumba mahali kuta mbili zinapokutana na dari. Wimbi likiingia katika pembe hiyo hurudi moja kwa moja lilikotoka. Kiakisi hakili umeme wala hakiharibiki upesi. Kifungeni juu kadiri mwezavyo. Bei yake ni ndogo sana kuliko ya rada. Rada huwapa ninyi nafasi ya kuiona meli, na kiakisi huipa meli nafasi ya kuwaona ninyi. Siku ile ya mvua mngekuwa na vyote viwili, ingekuwa heri. Kama fedha inatosha kimoja tu, nunueni kiakisi.

La sita ni kipokezi cha AIS. Meli kubwa zinazosafiri kati ya nchi na nchi hulazimika kutangaza kwa redio jina lao, mahali zilipo na mwendo wao. Meli zinazobeba korosho kutoka bandari ya Mtwara ni miongoni mwake. Kipokezi cha AIS husikia matangazo hayo na kuyaonyesha kwenye kioo. Nacho ni cha bei ndogo kuliko rada. Lakini kumbukeni: huonyesha yule anayejitangaza tu. Ngalawa ya mvuvi haitangazi. Jiwe halitangazi. Gogo lililoletwa na mto wakati wa masika halitangazi. Rada haingoji kutangaziwa.

Je, mnahitaji rada?

Kama boti huvuka ghuba mchana na kurudi kabla ya jua kutua, rada si ya lazima. Fedha hiyo itunzeni kwa mashine na matengenezo. Lakini kama mnakwenda mpaka Kilwa au Mikindani, mnarudi usiku, na mnapita mahali penye meli, basi rada ina kazi.

Huko Newala mnajua ukungu wa asubuhi juu ya uwanda. Baharini kwetu ukungu kama ule ni nadra. Maadui zetu ni giza na mvua. Mvua za kusini huanza mwezi wa Novemba au Desemba, zikaisha Aprili au Mei. Ndani ya miezi hiyo wingu moja linaweza kuficha pwani yote kwa dakika chache. Rada huionyesha pwani ile, na huonyesha wingu lenyewe likiwa bado mbali, ili ugeuze njia mapema.

Namna ya kuchagua

Sasa tuitazame ile rada ya maili 36. Tutatumia hesabu badala ya maneno ya muuzaji.

Mawimbi ya rada huenda karibu kwa mstari ulionyooka, lakini dunia ni mviringo. Kwa hiyo rada haioni mbali sana kupita upeo wa macho, hata ikiwa na nguvu za simba. Kanuni ni hii. Chukua kimo cha antena kwa mita. Tafuta nambari ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa kimo hicho. Fanya vivyo hivyo kwa kimo cha kile unachotaka kukiona. Jumlisha nambari hizo mbili. Zidisha kwa 2.2. Jibu ni maili za baharini.

Tuseme antena iko mita 4 juu ya maji. Mbili mara mbili ni nne, basi nambari yetu ni 2. Meli ina kimo cha mita 25. Tano mara tano ni ishirini na tano, basi nambari yake ni 5. Mbili na tano ni 7. Zidisha 7 kwa 2.2, utapata 15.4. Meli ile itaonekana kuanzia kama maili 15, si 36.

Sasa mashua ndogo yenye kimo cha mita 1. Nambari yake ni 1. Mbili na moja ni 3. Zidisha kwa 2.2, utapata 6.6. Nayo mashua ya mti, kwa kuwa hurudisha mwangwi mdogo, huenda isionekane mpaka iwe karibu zaidi ya hapo.

Labda mtasema, “Tuinue antena mpaka mita 9.” Tatu mara tatu ni tisa. Kwa mashua ileile, 3 na 1 ni 4, mara 2.2 ni 8.8. Mmepata maili mbili na kidogo, nanyi mmeweka uzito juu ya mlingoti mrefu, na boti itayumba. Haifai.

Basi maili 36 ni nambari ya kwenye kasha. Kwa boti yenu kazi kubwa ya rada iko ndani ya maili 6, na inayookoa maisha iko ndani ya maili 3. Msilipie maili ambazo dunia yenyewe inawanyima.

Jambo la pili ni upana wa antena. Katika boti ndogo antena hukaa ndani ya kifuniko cha plastiki, cha mviringo kama sufuria pana iliyofunikwa. Wimbi linalotoka ndani yake hupanuka kama mwanga wa kurunzi. Antena nyembamba hutoa mwanga mpana, na antena pana hutoa mwanga mwembamba. Kifuniko cha sentimeta 45 hutoa wimbi la upana wa nyuzi kama 5. Cha sentimeta 60 hutoa nyuzi kama 4. Kwa umbali wa maili moja, nyuzi 5 ni upana wa mita 160 hivi, na nyuzi 4 ni mita 130 hivi. Maana yake, mashua mbili zilizoachana mita 100 zitaonekana doa moja kwa umbali huo. Nanyi mkidhani ni moja, mnaweza kuikwepa moja mkaigonga ya pili. Kwa hiyo, kama fedha inaruhusu na mlingoti una nguvu, antena pana ni faida kubwa kuliko maili nyingi.

Jambo la tatu ni aina ya rada. Ziko mbili. Ya zamani ina vali iitwayo magnetroni. Hungoja dakika moja au zaidi ipate moto kabla ya kufanya kazi, na vali hiyo huchakaa baada ya saa elfu kadhaa. Ya kisasa haina vali. Huwa tayari mara moja au baada ya sekunde chache, hula umeme kidogo, na huona vizuri vitu vilivyo karibu sana. Ya zamani inaweza kuwa nzuri bado. Lakini muulizeni muuzaji: imefanya kazi saa ngapi? Vali mpya hupatikana wapi, na kwa bei gani? Rada nyingi huhesabu saa zake zenyewe, na unaweza kuzisoma kwenye kioo. Mwambieni awashe mbele yenu. Someni nambari hiyo wenyewe. Mnajua kusoma sasa.

Jambo la nne ni lugha ya vyombo. Antena ya kiwanda kimoja kwa kawaida haiwezi kusemezana na kioo cha kiwanda kingine. Antena ya Furuno hutaka kioo cha Furuno au kinachokubaliana nacho, na ya Garmin au Raymarine ni vivyo hivyo. Mtu akiwauzia antena peke yake, mnaweza kununua kofia bila kichwa. Nunueni antena, kioo, waya na kitabu cha maelezo kwa pamoja.

Jambo la tano ni umeme. Fanyeni hesabu kabla ya kununua. Tuseme rada hula ampea 3 na kioo ampea 2. Jumla ni ampea 5. Betri yenu ni ya ampea-saa 100, lakini si vizuri kuikausha kupita nusu, kwa hiyo mna 50. Gawanya 50 kwa 5. Ni saa 10. Hapo hamjawasha taa wala redio. Na kama betri hiyo ndiyo inayowasha mashine, mtafika pwani kwa kasia. Wekeni betri ya pili, kwa ajili ya mashine tu.

Jambo la sita ni sheria. Rada hutoa mawimbi ya redio. Kabla ya kuifunga ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, juu ya kibali. Na juu ya usajili na ukaguzi wa boti ulizeni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuulizwa baadaye.

Namna ya kuifunga

Hatua ya kwanza: toeni waya za betri. Msifanye kazi yoyote ya umeme huku betri imeungwa.

Hatua ya pili: chagueni mahali. Antena ikae juu ya vichwa vya watu waliosimama, ione mbele bila kuzuiwa. Isiwekwe nyuma ya mlingoti mnene au bomba la chuma, maana nyuma ya chuma kuna kivuli, na ndani ya kivuli rada ni kipofu. Msikae wala kusimama mbele ya antena kwa karibu inapofanya kazi. Kitabu chake hueleza umbali wa salama.

Hatua ya tatu: iwekeni mbali na dira. Ndani ya rada na kioo mna vitu vinavyovuta sindano ya dira. Kitabu hutaja umbali wa kuacha. Mkimaliza kufunga, washeni na kuzima rada huku mkitazama dira. Ikisogea, hameni.

Hatua ya nne: tazameni boti inavyokaa ikiwa mbioni. Boti nyingi za mashine huinua omo. Antena iliyolala sawa bandarini itatazama angani mtakapokuwa mwendoni, na vitu vya mbele vitapotea. Kwa hiyo pakiwezekana iinamisheni mbele kidogo, nyuzi chache tu, ili mwendoni iwe sawa.

Hatua ya tano: fungeni kwa nguvu. Tumieni bolti za chuma kisichoshika kutu, zipite mpaka upande wa pili, na chini yake wekeni bamba la kushikilia. Skrubu fupi ndani ya faiba itang'oka siku ya kusi kali. Kila tundu lizibwe kwa gundi ya baharini ili maji yasiingie.

Hatua ya sita: pitisheni waya. Msiukate waya wa rada kwa sababu ni mrefu. Ukunjeni taratibu muufunge. Kabla haujaingia ndani, acheni uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke pale, yasifuate waya mpaka ndani. Waya wa umeme uwe mnene kama kitabu kinavyosema, maana waya mwembamba hula umeme njiani. Wekeni fyuzi karibu na betri. Mwekundu uende kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye alama ya kutoa. Mkikosea hapo mnaweza kuiua rada siku ya kwanza. Kama katika kundi lenu hakuna fundi wa umeme, mlipeni fundi kwa kazi hii moja.

Hatua ya saba: sahihisheni mstari wa omo. Kwenye kioo pana mstari unaoonyesha mbele ya boti. Elekezeni omo kwenye kitu kimoja mnachokiona kwa macho, kama boya. Doa la boya lazima liwe juu ya mstari. Lisipokuwa, fuateni kitabu mpaka likae sawa. Kosa la nyuzi chache hapa litawadanganya kila usiku.

Kujifunza kuisoma

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo.

Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, meli mbili kubwa za abiria, Andrea Doria ya Italia na Stockholm ya Sweden, zilikaribiana katika bahari ya Marekani. Kulikuwa na ukungu. Meli zote mbili zilikuwa na rada. Zote mbili ziliona doa la mwenzake kwenye kioo. Lakini upande huu walilisoma hivi, na upande ule walilisoma vingine. Huku walidhani watapishana kulia kwa kulia, kule walidhani kushoto kwa kushoto. Zikagongana. Andrea Doria ikazama asubuhi yake, na watu 51 wa meli hizo mbili wakafa. Rada zao ziliona, lakini kusoma kulikosewa.

Ninyi wanafunzi mnalijua jambo hili kuliko wengine. Barua inaweza kukaa mkononi mwa mtu mwenye macho mazima, isimwambie kitu. Hata kioo cha rada ni hivyo. Nacho kina herufi zake, na lazima zisomwe.

Herufi ya kwanza: doa linalokaribia. Fikiri watu wawili wenye baiskeli, kila mmoja katika njia yake, na njia zao zinakutana mbele. Kama kila ukimtazama mwenzako yuko upande uleule, naye anazidi kuwa karibu, mtafika njia panda pamoja. Baharini ni hivyohivyo. Doa likizidi kukaribia na upande wake haubadiliki, mko katika hatari ya kugongana. Punguzeni mwendo au geuzeni njia, mapema na kwa wazi, ili mwenzenu aone. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinasema vivyo. Tena zinakataza kukisia kutokana na habari haba za rada. Tazameni doa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Herufi ya pili: mvua na mawimbi. Navyo hurudisha mwangwi. Rada ina vitufe vya kupunguza madoa ya mvua, ya mawimbi, na nguvu ya kupokea. Kazi hii ni kama kupeta nafaka kwenye ungo. Usipopeta, pumba zitaficha nafaka. Ukipeta kwa nguvu sana, nafaka itaruka pamoja na pumba, na mashua ndogo itafutika kwenye kioo huku ingali mbele yako.

Herufi ya tatu: mahali patupu. Kioo kikionyesha patupu, haina maana kwamba bahari ni tupu. Mtumbwi wa mti upo, na mvuvi amelala ndani yake. Kwa hiyo mtu mmoja akae omo, atazame na kusikiliza, hata rada ikiwa mpya. Kanuni zilezile zinaamuru kuchunga kwa macho, kwa masikio, na kwa kila njia iliyopo. Rada ni mojawapo tu ya njia hizo.

Jifunzeni mchana. Siku angavu, washeni rada ndani ya Ghuba ya Lindi. Tazameni kioo, kisha tazameni nje. Doa hili ni ncha ya Kitunda. Doa hili ni kivuko. Ile ngalawa pale mbona haionekani? Ulizaneni, andikeni katika daftari. Fanyeni hivyo siku kumi za mchana kabla ya kuitegemea usiku mmoja. Na wasome watu wawili au watatu, maana msomaji akiwa mmoja, siku akiugua boti nzima haijui kusoma.

Jibu letu

Ndugu wa Lukuledi, jibu letu ni hili. Msinunue ile rada ya maili 36 mpaka mmeiona ikiwaka, mmesoma saa zake, na mmepewa kioo chake, waya wake na kitabu chake. Wiki hii nunueni kiakisi na majaketi. Msimu ujao wa korosho, fedha ikiruhusu, nunueni rada ya kisasa ya kifuniko cha sentimeta 45 au 60, na betri ya pili. Ifungeni kwa hatua saba. Kisha iendeeni shule kama mlivyoiendea alfabeti. Na mpaka siku hiyo, wingu likisimama upande wa bahari, rudini mapema. Hilo halina bei.

Rada ya bei nafuu ni ile mnayoweza kuilisha umeme, kuifunga imara na kuisoma bila kubahatisha. Iliyo chini ya hapo ni ghali, hata mkipewa bure.

 

MASWALI

1. Kwa nini boti ya faiba haionekani vizuri kwenye rada ya meli?
2. Kuna tofauti gani kati ya AIS na rada?
3. Antena iko mita 4 juu ya maji. Chombo kinachotafutwa kina kimo cha mita 9. Kitaonekana kuanzia maili ngapi?
4. Rada na kioo hula ampea 4. Mna ampea-saa 40 za kutumia. Zitatosha saa ngapi?
5. Doa linakaribia, na upande wake haubadiliki. Maana yake nini? Utafanya nini?

KAZI YA DARASA

Andikeni pamoja maswali matano ya kumwuliza muuzaji kabla ya kununua mashine yoyote. Mmoja ayasome mbele ya darasa. Karatasi hiyo itunzwe, na mtu yeyote wa darasa akienda kununua mashine, aende nayo.